Kikohozi Nje ya Mlango

Asubuhi ile nilikuwa nafua. Siku tatu zilikuwa zimepita tangu tupige kura, na Kongo, sehemu yetu ya Kawangware, ilikuwa imetulia kiasi cha watu kuanza tena kulalamika juu ya mambo ya kawaida: maji, choo, na kuku wa jirani walioingia nyumba za watu bila hodi. Mume wangu Owino alikuwa fundi wa mjengo. Simenti ilikuwa imemkaa kifuani, na kila asubuhi alikohoa mara tatu, kikohozi kifupi kikavu, ndipo siku yake ianze. Nilimwambia ng'ombe wa kwao kule ziwani wanakohoa kwa adabu kumliko. Akacheka, akavaa jaketi, akatoka kutafuta unga, maana maduka ya karibu yalikuwa yamefungwa. Achieng, binti yetu wa miaka minane, alibaki akinisaidia kuanika.

Ploti ile ilikuwa ya Mama Njeri. Ukoo wake ulikuwa pale tangu kukiwa na mashamba, na sisi wapangaji wake wengi tulikuwa watu wa upande wa ziwa. Alikuwa mama mkali. Ukimwaga maji machafu kwenye korido, mtaa mzima utajua jina lako kabla ya saa nne. Lakini mtoto wako akiugua, yeye ndiye wa kwanza kubisha na kikombe cha uji. Nilimwogopa na kumpenda kwa kiasi kilekile.

Saa sita hivi tukaona moshi upande wa barabara. Halafu tukasikia filimbi, nyingi, zikiitikiana.

Mama Njeri alikuja mbio, leso imemponyoka begani.

"Ingia ndani na mtoto," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna vijana wanatafuta watu wa ziwa. Nitawafungia na kufuli kwa nje. Wakiona kufuli watajua mmetoroka."

"Na Baba Achieng?"

"Nitakuwa kwa geti. Akirudi nitamwona. Lakini wewe usijibu mtu. Hata ukiitwa jina, nyamaza."

Nikasikia kufuli likijifunga. Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, Achieng mapajani.

Wakaja.

Walipita mlango kwa mlango. Kwa jirani yetu niliwasikia wakivunja vyombo. Wakafika kwetu. Mmoja alivuta kufuli.

"Hawa walijitoa kitambo," alisema.

Wakapita.

Hawakwenda mbali. Walikuwa mwisho wa korido wakigombania redio ya mtu. Ndipo zikaja hatua za mtu mmoja, kutoka upande wa nyuma, polepole. Zikasimama mlangoni petu. Kufuli likaguswa, kidogo tu.

Akakohoa. Mara moja, akikibana.

Mkono wangu ulikuwa mdomoni mwa Achieng. Nikaukaza.

Hatua zikaondoka.

Jioni Mama Njeri alitufungulia, akatufunga leso zake kichwani, akatupeleka mwenyewe hadi kambi ya chifu, akiongea Kikikuyu kwa sauti kubwa njia nzima ili tuonekane wa kwake. Angeweza kuchomewa ploti kwa kazi ile. Pale kambini ndipo nilipoambiwa. Owino alikuwa ameingilia kwenye uzio wa nyuma uliotoboka, kwa hiyo Mama Njeri pale getini hakumwona. Aliona kufuli, akaamini tumekimbia. Jirani aliyekutana naye alisema alikuwa akiuliza kila mtu kama ametuona. Wale vijana walimkuta kwenye njia ya mtoni. Tulimzika kwao, na sikumwambia mtu yeyote kuhusu kikohozi kile.

Nilihamia Kibera, Mashimoni, nikaanza kuuza omena, dagaa wa ziwani kwetu. Maisha yakaenda, maana maisha hayangoji mtu amalize kulia. Isipokuwa jambo moja: sikuweza kukaa ndani ya mlango uliofungwa. Nilitundika pazia, basi. Mwaka wa kwanza waliniibia jiko, wa pili wakaniibia televisheni, na wa tatu nadhani wezi wenyewe walinionea huruma. Majirani wengine walisema nina roho ya ukarimu. Wengine walisema nimerogwa. Mimi nilisema kuna joto, hata mwezi wa saba, wakati Nairobi yote inatetemeka.

Achieng alikua, akaolewa, na mwaka jana akajifungua msichana. Alikuja kwangu wiki chache nimsaidie na mtoto. Siku ya kwanza alisogeza pazia, akauvuta mlango, akaufunga. Ninachokumbuka ni vidole vyangu kufa ganzi. Nilipozinduka nilikuwa nje kwenye mtaro, majirani wananipepea na kifuniko cha sufuria.

"Mathe, mtoto hawezi lala Mashimoni mlango ikiwa wazi," Achieng alisema. "Kuna madam fulani huko Makina anasaidia watu wa hii story. Twende, ama nirudi kwangu."

Nilienda kwa sababu ya mjukuu. Sitajifanya nilikuwa na sababu nyingine.

Kaunsela yule aliitwa Halima, Mnubi mzaliwa wa Makina, mama wa makamo mwenye sauti ya kubembeleza. Kikundi kilikutana Jumamosi katika darasa la chekechea, kwa hiyo sisi wanawake tisa, wengine wajukuu wameshatupanda mgongoni, tulikaa kwenye viti vya kufikia goti. Nilitarajia dawa. Halima alituambia tuweke nyayo sakafuni.

"Ukianza kurudi kule kwa kichwa," alinieleza, "taja vitu tano unaona hapa, saa hii. Unaona nini?"

"Nakuona wewe. Unaongea mingi."

"Sawa. Imebaki nne."

Wakacheka, nami nikacheka, na kwa kweli kifua kililegea kidogo. Nilianza kumpenda yule mama bila kutaka.

Baadaye nilikuwa nikionana naye peke yangu, mlango wazi. Alilaza kamba sakafuni, akasema hiyo ni maisha yangu tangu kuzaliwa. Palipokuwa na jema niweke ua, palipokuwa na baya niweke jiwe, kisha nisimulie kwa mpangilio, bila kuruka. Kila nilichosema alikiandika, na wiki iliyofuata alinisomea. Ni kitu kigeni kusikia maisha yako yakisomwa na mtu mwingine. Nilijikuta nikimhurumia yule mwanamke. Maua yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani. Owino peke yake alichukua saba.

Wiki ya tatu alisoma, akasita katikati.

"Mama Achieng, hapa kuna shimo. Hao vijana wamepita mlango yako. Halafu ni jioni, mnafunguliwa. Hapo katikati kulikuwa na nini?"

"Tulingoja."

Hakubisha. Aliweka kidole kwenye karatasi, palepale penye shimo. Nikamwambia. Nikamwambia nilikijua kikohozi kile kama ninavyojua jina langu, na kwamba nilimwacha mume wangu aende. Nilingoja aniambie si kosa langu, maana hivyo ndivyo watu husema, nami nilikuwa tayari kumkasirikia.

Badala yake aliuliza, "Mkono yako ilikuwa wapi?"

"Mdomoni mwa mtoto."

"Na hao vijana?"

"Mwisho wa korido. Hatua kumi hivi."

Akaandika. Kisha akanisomea yote: vijana, hatua kumi, kikohozi, mkono, mtoto. Miaka yote ile nilikuwa nakumbuka kikohozi peke yake, kama kwamba duniani hapakuwa na kitu kingine saa ile. Nilikuwa nimemsahau mtoto aliyekuwa mapajani mwangu. Nililia hadi Halima akaniletea kanga yake mwenyewe nipangusie pua.

Lakini nilijua kazi haijaisha. Kuna mtu mmoja aliyekuwa na haki ya kujua kwamba mamake alisikia. Nilimwogopa Achieng kuliko nilivyowaogopa wale vijana. Akinichukia, nitakuwa nimewapoteza wote wawili kwa mlango ule mmoja.

Nilimwambia mchana, akimnyonyesha mtoto, mimi nikichagua mawe kwenye maharagwe ili nisimwangalie usoni.

"Ile siku, baba yako alirudi. Alikuwa hapo nje. Nilimsikia akikohoa, nikanyamaza."

Mtoto aliendelea kunyonya.

"Najua," alisema.

Nikainua macho.

"Mathe, mimi pia nilimsikia. Mkono yako ilikuwa inanuka sabuni. Nilijua ni yeye." Sauti ilimkatika. "Niliomba aende. Nilikuwa naogopa akikaa hapo watarudi kwetu. Na akaenda. Sijawahi ambia mtu, hata bwanangu."

Maharagwe yalimwagika, sikuyaokota. Mtoto wa miaka minane alikuwa amebeba mzigo uleule, chumba kilekile, kwa miaka yote hiyo, na sote wawili tulikuwa tukificha ili tusiumizane. Nilimkumbatia yeye na mtoto pamoja. Nilimwambia ambacho hakuna mtu aliyewahi kumwambia, kwamba hakumtuma baba yake popote, na nikasikia maneno yale yakinifaa hata mimi.

Baada ya muda alinyanyuka kumlaza mtoto. Aliushika mlango, akanitazama.

"Nifunge?"

"Nusu kwanza," nikasema. "Usiwe na haraka kama Mama Njeri."

Sasa unafungwa wote, ingawa komeo ni langu na nalikagua mara mbili. Jumamosi tunakwenda Makina pamoja, mjukuu mgongoni. Owino hakurudi na hatarudi. Mjukuu wake hatamjua, na hasara hiyo hakuna kamba inayoipunguza. Lakini ile wiki, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, nilimlilia kama mjane anavyomlilia mumewe. Kabla ya hapo nilikuwa namlilia kama mshtakiwa.