Platine Mfukoni

Mume wangu alirithi kwa baba yake kamioneti kuukuu ya kubebea mizigo na platine yake. Platine ni kichuma kidogo kama ukucha wa kidole gumba, ndicho kinachofungua na kufunga umeme ili injini iwake. Kila asubuhi alikisugua kwa ubavu wa kiberiti, akakipuliza, kisha akalibembeleza gari kama bibi harusi aliyenuna. Siku nyingine lilikubali.

Wakati ule wa vita, mji wetu wa Baraka ulikuwa na desturi yake: ukiegesha gari, unang'oa platine na kwenda nayo, mwenye bunduki asije akaondoka na mali yako. Kanisani, wanaume walipopiga magoti, ulisikia vyuma vikigonga mabenchi. Ulijua nani ana gari na nani anajifanya.

Ndipo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akavuka ziwa kutoka Kigoma na kisanduku cheusi kilichozibwa: mtambo wa kisasa wa kuwasha injini, usiohitaji platine.

"Yaya, hii iko nawaka mara moja tu," alimwambia kaka yake.

"Ndiyo maana siitaki," mume wangu akamjibu. "Itawakia kila muntu."

"Na vita ikifika hapa, utaanza kusugua platine, masasi za bunduki ziko napita? Mama hawezi tembea."

Miguu ya mama mkwe ilikuwa imekataa kazi, na kamioneti ile ndiyo ilikuwa miguu yake. Yeye mwenyewe akakata shauri kutoka mkekani.

"Mutie ile yenye kuwaka. Mi siwezi ngojea kiberiti."

Platine kila mtu alijua kuing'oa hata amefumba macho. Kisanduku hakuna aliyethubutu kukigusa, kwa hofu ya kukiua. Basi gari likalala zima, na asubuhi likawaka kwa mlio mmoja safi uliofika hadi kambi ya askari. Kizuri chajiuza. Kamanda akaja, akazungusha ufunguo, likawaka. Akalizima, akaliwasha tena, akacheka kama mtoto.

"Papa," akamwambia mume wangu, akiwanyooshea askari wake kidole, "gari yako iko natii kuliko basoda bangu. Tutakurudishia vita ikiisha."

Nilimchukia shemeji yangu, sifichi. Nilimpakulia chakula bila kumtazama.

Vita ilipotufikia kweli, tulikimbia kwa miguu kuelekea Mboko. Shemeji alimbeba mama yake mgongoni, amefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga. Kila aliposimama kuhema, mama mkwe alimgonga kichwani kwa vidole.

"Washa, mutoto wangu. Si we ndiye wa kisasa?"

Naye akaenda. Nilicheka hadi machozi yakageuka machozi ya kweli, nikamsamehe palepale njiani. Mume wangu alitangulia na sufuria kichwani. Hakumwambia ndugu yake neno hata moja, lakini njia nzima tulisikia platine ikigongana na skrubu yake mfukoni mwake.