Mbuzi Waliouzwa kwa Waya

Siku posta ya kwetu Isiolo ilipofunguliwa chumba kipya cha simu, mkubwa mmoja alitoka Nairobi akatuhutubia kwa saa nzima juani. Alisema kuanzia siku hiyo mfanyabiashara wa Isiolo angeuza mali yake Nairobi bila kuinuka kitini. Akina mama walipiga vigelegele. Wengi wao hawakuwa na kiti, sembuse simu, lakini soda zilikuwa za bure.

Mimi ndiye niliyekuwa opereta. Nilizaliwa Ngaremara, katika boma la wafugaji Waturkana. Misheni ilinisomesha, serikali ikanifundisha kazi ya simu, na miaka ya sabini ilipokuwa ikielekea kuisha nikarudishwa nyumbani na sketi ya kijivu na sauti ya puani. Kazi yenyewe ilikuwa kuchomeka waya. Mtu akitaka Nairobi, ninaiita Nairobi, ninawaunganisha, halafu ninanyamaza. Sheria ilisema opereta hasikilizi mazungumzo ya watu. Tulisikiliza. Mji mzima ulijua kwamba tunasikiliza, na wenye adabu walitusalimia kwanza kabla ya kuanza kutoa siri zao.

Miezi ya mwanzo hiyo biashara ya kitini hatukuiona. Watu walipiga simu kutangaza vifo, au kuuliza kama barua waliyotuma imefika. Kisha akaja Haji.

Huyu alikuwa mchuuzi wa mbuzi kutoka mtaa wa Bulla Pesa, Mborana mwenye ndevu za hina, aliyeitwa Haji ingawa safari ya Makka ilikuwa bado kwenye mipango. Alikuwa amepata nambari ya mwenye bucha mmoja wa Nairobi. Aliingia kibanda cha simu, akaishika simu kwa mikono miwili, akapaza sauti kiasi kwamba Nairobi wangemsikia hata bila waya.

Tatizo ni kwamba Kiswahili cha Haji kilikuwa nusu Kiborana, cha mwenye bucha nusu Kikuyu, na laini ilikuwa ikikwaruza kama sufuria.

"Anasema nini huyu?" mwenye bucha akauliza.

Nikaingilia. "Anasema ana mbuzi thelathini. Wanono."

"Kila mtu huwa na mbuzi wanono. Madam, wewe si uko huko? Umewaona?"

Dirisha langu lilitazama barabarani. Mbuzi wa Haji walikuwa hapo nje, wakila maua ya mkubwa wangu wa posta. Nami nilikulia nyuma ya mbuzi. Mgongo wa mbuzi ninausoma kabla sijasoma gazeti.

"Ishirini ni wazuri," nikasema. "Hao kumi wengine wakae kwanza."

Haji alinitazama kupitia kioo kana kwamba simu imemng'ata sikio. Lakini mwenye bucha alichukua ishirini, lori likaja, na nyama ikampendeza. Wiki iliyofuata aliniulizia mimi kabla ya kumuulizia Haji.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa macho ya Nairobi. Haukupita muda, kila mchuuzi, hata wa kutoka mbali kama Kulamawe, alipitisha mifugo yake mbele ya dirisha langu kabla ya kuomba simu. Mkubwa wangu aliruka mavi ya mbuzi na viatu vyake vya kung'aa, akaandika Nairobi kwamba chini ya uongozi wake wananchi wameipenda simu sana. Nairobi wakampongeza. Habari za mbuzi hakuziandika.

Hongo sikupewa na mtu yeyote. Haji alizoea tu kuniletea maziwa ya ngamia kila Ijumaa akitoka msikitini. "Wewe ni intala wangu," alisema, yaani binti yake. Baadaye akampelekea mama yangu Ngaremara mbuzi jike anayekamuliwa, na hakunitajia. Mama ndiye aliyetuma ujumbe kwamba hatimaye nimepata marafiki wa maana.

Kisha mvua ikakosa kunyesha, na msimu uliofuata ikakosa tena. Siku moja Haji alikuja na mbuzi arobaini ambao mbavu zao zingehesabika kutoka Nairobi. Yeye mwenyewe alikuwa amepwaya ndani ya kanzu. Alisema "wanono" kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake.

"Madam?" mwenye bucha akauliza.

Nikatazama nje. Mbuzi mmoja alikuwa ameegemea ukuta wa posta ili asianguke. Haji hakuniangalia, aliangalia viatu vyake.

"Ni wazuri," nikasema.

"Wote?"

"Wote."

Tisa walikufa njiani. Mwenye bucha hakupiga simu, alikuja. Kwa sauti yake nilikuwa nimemjengea tumbo na shingo nene, kumbe alikuwa mzee mwembamba wa sweta ya kufumwa, kofia mkononi. Mkubwa wangu alimpokea kwenye kaunta.

"Opereta wako amenidanganya."

"Opereta wetu hawasikilizi simu."

"Miezi minane nimeongea na yeye."

"Kwa sheria, hakuongea. Na kama hakuongea, hakudanganya. Ulitaka stempu?"

Nilikuwa nyuma ya mlango. Niliokolewa na uongo safi kuliko wangu, tena wenye mhuri, na aibu ikanishika. Nikamfuata yule mzee hadi langoni.

"Mzee, ni mimi."

Alinitazama. "Sauti ndiyo hiyo. Uliwaona hao mbuzi?"

"Niliwaona."

"Walikuwa wanasimama?"

"Wengi wao."

Alicheka bila kupenda. Kisha akauliza, "Miezi yote hiyo ukiniambia ukweli, mimi nilikupa nini?"

"Hakuna kitu."

"Na yeye?"

"Maziwa. Na mbuzi mmoja, wa mama."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi mjinga ni mimi," akasema, akaniuliza njia ya Bulla Pesa.

Watu walifuata nyuma wakitarajia ngumi. Waliwakuta yeye na Haji wamekaa mkekani wanakunywa chai, wakielewana vizuri kabisa kwa kile Kiswahili chao kilichonihitaji mimi miezi minane. Waliyamaliza vipi, sikujua. Kwa mara ya kwanza hawakupitia kwangu.

Tangu siku hiyo mwenye bucha alikuja mwenyewe kila mwezi, juu ya lori, akishika kiuno cha kila mbuzi kwa mkono wake. Maziwa ya Ijumaa yalikoma bila maelezo. Wachuuzi wengine walirudi kupitia njia ya nyuma ya soko, na maua ya posta yakachipuka. Mkubwa wangu aliandika Nairobi kwamba simu zimepungua kwa sababu ya ukame, na nadhani walimwamini, maana walimpandisha cheo wakamhamisha.

Mzee wa bucha aliendelea kupiga simu kabla ya safari, kuuliza hali ya barabara.

"Opereta, huko imenyesha?"

Nilimjibu ukweli kila mara. Halafu nilimuunganisha na duka lenye simu alikokuwa akishinda Haji, nikabaki kwenye laini kama kawaida yetu, na nikamsikia akimuuliza Haji swali hilohilo.