Jogoo wa Kumkomboa Bibi

Nafundisha historia kidato cha tano na cha sita pale Kilosa, na kila mwaka tukifika kwenye vile vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, darasa langu lote linageuka la watu wema. Hakuna anayetaka kuwa Kusini. Nikigawa makundi ya mdahalo, Kaskazini inajaa mpaka madirishani, na Kusini nabaki na wawili waliochelewa kurudi kutoka kula, nao wamenuna. "Mwalimu, hata kwa kuigiza siwezi kutetea utumwa," wananiambia. Haya, sawa. Mwaka huo msichana mmoja akauliza watu wale walikuwaje, nchi moja, dini moja, wanachinjana kwa sababu wengine wanataka kummiliki binadamu mwenzao. Hawakuwa na haya? Nikamjibu kwa kirefu, mkono kiunoni, kama mtu ambaye kwao mambo hayo hayajawahi kufika.

Kengele ikalia, nikafungua simu. Grupu la ukoo lilikuwa linawaka moto.

Chanzo kilikuwa bibi, mama yake baba yangu. Anaishi Mikumi kwa baba mdogo, ambaye ana kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara kuu. Masika yale aliugua kifua, akawaita wanawe, akasema neno moja tu: akifa, azikwe Masanze, pembeni ya mume wake. Baba mdogo akaliandika kwenye grupu, sote tukajibu "Amina, Mungu ampe nafuu." Sote isipokuwa baba mkubwa.

Baba mkubwa huyu ni mtoto wa kaka yake babu. Ndiye mkuu wa ukoo, ndiye anayekaa Masanze na kutunza makaburi yetu. Haandiki. Anatuma sauti, na anakohoa kwanza ili ujue jambo ni zito. Akakohoa, akasema kwa heshima zote makaburi yale ni ya ukoo, na bibi yenu, tusifichane, hana ukoo. Mama yake alinunuliwa.

Sikiliza, sikuwa mgeni wa habari hiyo. Kila mtu kwetu anaijua nusu nusu, kama mnavyojua kuna nyoka kwenye stoo lakini hakuna anayetaka kuwasha taa. Mama yake bibi alinunuliwa akiwa mtoto, enzi za Mjerumani, mwaka wa njaa, kwa kipande cha nguo na kikapu cha mtama. Aliyemnunua ni nani? Babu yake baba mkubwa mwenyewe. Mzee huyo amelala katikati ya makaburi yetu, amewekewa marumaru za bluu na nyeupe kama bafu la hoteli. Na yule aliyenunuliwa amelala nje ya uzio wa minyaa, kwenye kichuguu, hana hata jiwe. Yaani mnunuzi hakuona haya wakati ananunua, na haya yenyewe ikaachiwa bidhaa. Nilivyokasirika siku ile nilisahihisha madaftari ya darasa zima na nikawafelisha hata waliopatia.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba baba mkubwa ndiye msemaji wetu wa utumwa. Wakija wageni kuulizia njia ya zamani ya misafara, yeye anavaa koti, anawapeleka mpaka mtoni, na akifika pale kwenye "babu zetu walipita hapa wamefungwa minyororo" analia machozi ya kweli. Nimemshuhudia. Wageni nao wanalia. Sasa nikajiuliza, huyu analia kwa niaba ya nani, kama mama yake bibi hayumo?

Baadaye nikajua pia kwa nini hamtaki bibi pale. Pembeni ya kaburi la babu imebaki nafasi moja, na baba mkubwa alikwisha kuiwekea mawe manne kwenye pembe. Aliitaka yeye. Alishaongea na fundi wa marumaru.

Basi nchi ikagawanyika. Ndugu wa Masanze na wa Kilosa mjini wakajitoa kwenye grupu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na ile alama ndogo ya "ameondoka", wakafungua grupu lao wakaweka picha ya uzio wa minyaa. Wa Mikumi na wale wa Ruaha wanaolima miwa wakabaki na bibi. Tukawa na Kaskazini na Kusini yetu, ila dira ilikuwa imepinduliwa: waliomtetea mnunuzi ndio waliokuwa kaskazini. Mimi nakaa Magomeni, Kilosa, kwa hiyo nilikuwa peke yangu katikati ya majeshi ya adui. Shangazi wa mtaa wa pili, ambaye sufuria zake kubwa ndizo tulizokuwa tunapikia kwenye kila shughuli, akaja kuzichukua zote asubuhi moja, hata ile iliyokuwa na maharage. Na vita vyenyewe vilipiganwa kwa adabu. Nampigia baba mkubwa: shikamoo. Marahaba mwanangu, hujambo, watoto hawajambo, shule inaendeleaje, na bibi yako ni mtumwa.

Kikao kikaitishwa Mikumi. Kikao cha maziko ya mtu ambaye yuko hai, anakula, na anaomba chumvi iongezwe.

Jirani yangu Magomeni ni mama anayekaanga vitumbua mbele ya nyumba yake. Babu yake alikuja kutoka Unyamwezini kukata mkonge kwenye mashamba, akabaki, na kwa hiyo yeye ni mtani wetu. Kila asubuhi ananipokea hivyo hivyo: "Mtumwa wangu, umeamka? Mbona jana hukuja kufagia?" Namjibu kwamba mtumwa ni yeye, babu zangu walimwacha njiani kwa sababu alikuwa mzito kumbeba, ananipa vitumbua, naenda kazini. Ndivyo tulivyolelewa. Mtani anakutukana na hukasiriki. Ukikasirika umekosa, na utalipa. Na penye shughuli ya kuzika, mtani akishika kitu chochote cha ukoo, jembe, sanda, hata jeneza lenyewe, mwenye nacho lazima aje mbele za watu na kuku mkononi, aseme ni chake, ndipo akomboe.

Nikamsimulia yote. Aliacha kugeuza vitumbua, vikaungua.

"Kikao ni lini?" akauliza.

"Jumamosi. Mikumi."

"Nitakuja kula."

Tukapanda basi pamoja, tukapita Masanze, tukapita kijiji cha Ulaya, ile Ulaya yetu isiyohitaji viza, na njia nzima hakusema lolote la maana isipokuwa kulalamika kwamba mtumwa wake hajamnunulia maji.

Tulikuta viti vimepangwa sebuleni kwa baba mdogo, Kaskazini ukuta huu, Kusini ukuta ule. Bibi alikuwa chumbani, nyuma ya pazia la maua. Tukasali, kwanza Wakristo, kisha Waislamu, kila upande ukimwomba Mungu ampe hekima upande wa pili. Baba mkubwa akasimama, akakohoa.

"Ajenda yetu ni moja," akasema. "Ni kuhusu mahali pa kumpumzisha mama yetu mpendwa, siku Mungu atakapopenda."

"Ongeza sauti," bibi akasema nyuma ya pazia. "Sikio hili halisikii vizuri."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Endeleeni."

Wakaendelea. Jamani, nimefundisha mikataba ya kila namna, lakini sijawahi kusikia maridhiano kama ya siku ile. Mmoja alipendekeza azikwe Mikumi halafu picha yake ipelekwe Masanze. Mwingine akashauri bibi apewe uanachama wa ukoo wa heshima, usio na haki ya ardhi. Shangazi wa sufuria, akidhani anasaidia, akasema azikwe mpakani kabisa, uzio upite juu yake, miguu ndani, kichwa nje, ili pasiwe na aliyeshinda. Baba mdogo alikuwa ameinamisha kichwa muda wote, anasugua mafuta ya magari vidoleni. Mimi nilitaka kumrukia mtu. Nyuma ya pazia kulikuwa na mwanamke aliyezaa na kulea nusu ya waliokaa pale, na alichokuwa anaomba ni futi sita za udongo.

Baba mkubwa akahitimisha. "Sisi hatumchukii. Tunampenda sana. Ila mtu asiye na ukoo hawezi kulala na ukoo. Hana wa kwao. Huo ndio ukweli."

Hapo mtani wangu akaweka sahani chini. Alikuwa amemaliza pilau ya watu wawili.

"Nimesikia vizuri?" akauliza. "Humu ndani kuna mtu asiye na mwenyewe?"

Akazungusha macho ukuta kwa ukuta.

"Basi huyo ni wangu."

Akajifuta mikono, akaingia nyuma ya pazia. Tukasikia kitanda kinalia, kisha akatoka na bibi mgongoni, amembeba kama mtoto, ndala za bibi amezishika kwa meno na fimbo yake kwapani. Bibi ni mwepesi sasa. Alikuwa ameshika shingo ya mtani kwa mikono yote miwili na uso wake ulikuwa mtulivu kabisa.

Baba mkubwa akaruka kutoka kwenye kiti. "Mweke chini! Mwanamke gani huna adabu, unaingilia mambo ya watu!"

Mkuu wa ukoo, mtu wa kukohoa, mtu wa mila, alikuwa amemkasirikia mtani. Wazee wa upande wake mwenyewe walitazama sakafu. Mtani akatema ndala.

"Umenikasirikia, mtumwa wangu?" akauliza taratibu. "Haya. Mkimtaka, aje mkuu wa ukoo mwenyewe. Na jogoo. Aje aseme huyu ni nani kwake. Asipokuja, naondoka naye Kilosa, mali yangu, nitamzika ninapotaka. Na siku yako wewe, usitegemee mtani kuja kukuchimbia."

Bajaji ilikuwa inamngoja nje. Sikujua ameipanga saa ngapi. Ikawavusha barabara kuu na kuingia uani kwa mpwa wa mtani, ng'ambo kidogo tu, tulikuwa tunawaona.

Baba mkubwa akasema huo ni upuuzi, hakuna anayekwenda popote. Lakini madereva wa malori waliokuwa wanasubiri pancha walishaanza kuulizana, na wauza mahindi wakawajibu kwamba kuna ukoo umeachia mama yao abebwe na mtani na hawamkomboi. Nao wakatuchungulia kama wanavyochungulia tembo kule hifadhini. Baba mdogo akasema yuko tayari kwenda yeye, akaambiwa na wazee haiwezekani, anatakiwa mkuu. Mwisho shangazi wa sufuria, jemadari mkubwa wa Kaskazini, akasimama na kujifunga kanga.

"Nenda, baba," akamwambia. "Unataka tukuzike kimya kimya kama mgonjwa wa kipindupindu, halafu marumaru ndizo zikulilie?"

Akaenda. Jogoo alimnunua kwa mama mmoja anayeuza kuku kando ya barabara, jogoo mwekundu mwenye kelele, na akamkumbatia vibaya hivi kwamba alimchafua koti lile la kulilia wageni. Ukoo mzima tukavuka barabara nyuma yake, Kaskazini na Kusini, tumechanganyika kwa sababu ya kukwepa magari.

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, anakunywa uji. Mtani amesimama mbele yake.

"Unataka nini hapa?"

"Nimekuja kumchukua mama."

"Mama wa nani?"

"Mama yetu."

"Ilisemwa hana wa kwao. Wewe ni nani kwake?"

Jogoo akapiga kelele, baba mkubwa akambana kwapani. "Ni mtu wetu," akasema. "Ni wa ukoo wetu."

"Sema kwa sauti, mtumwa wangu. Mwenye bajaji hajasikia."

Akautaja ukoo kwa jina lake lote, lile refu la kutambikia, akasema huyu ni wa ukoo huo na amekuja kumkomboa. Sauti ilimkatika katikati. Mimi nililia, na sikujificha. Baba mdogo alinishika bega na kunichafua kwa oili. Mtani akapokea jogoo, akampima uzito, akasema amekonda lakini atamsamehe.

Tukadhani imekwisha. Baba mdogo alikuwa ameinama ili ambebe bibi, bibi akamzuia kwa mkono. Akaweka kikombe chini.

"Mama yangu alikuwa anakaa nje kila jioni, anatazama njia," akasema. Hakuwa anamwambia mtu fulani. "Mimi mdogo namuuliza, mama, unamngoja nani? Ananiambia, wa kwetu. Watakuja kunikomboa, wako njiani. Mpaka nimekuwa mtu mzima, nimeolewa, nimezaa, bado anatazama njia. Kafa akiitazama."

Bibi akainua uso akamtazama baba mkubwa.

"Mimi umenikomboa, mwanangu, nashukuru sana. Bado mama. Yuko pale nje ya uzio."

Nilimwangalia mtani wangu, nikitegemea atatoa neno la kuchekesha, maana hajawahi kukosa. Hakutoa. Alimkabidhi mpwa wake yule jogoo mwekundu, akanyoosha mkono mtupu mbele ya baba mkubwa, akangoja.

Baba mkubwa aliutazama mkono ule. Koti lilikuwa na kinyesi cha kuku mpaka mfukoni. Kisha akageuka, akatupita bila kututazama, akaanza kuvuka barabara kumrudia yule mama wa kuku, na alikuwa anatembea haraka kwa sababu mama yule alikwisha kuanza kufunga matenga yake.

Bibi akaomba tumgeuzie mkeka, aone njia.