Boti ya watu saba, na sisi ni kumi na wawili

Wakuu, naanzia pale nilipoingia ziwani na viatu vyangu vya kanisani.

Maji yalinifika magotini. Mgongoni nina Naomi, miaka miwili, nimemfunga na kitenge. Nikanyoosha mikono, nikamtoa Béni wangu wa miaka sita kutoka kwenye mapaja ya mama mukwe, ndani ya boti, mbele ya ukoo wote na mbele ya muuzaji. Sikuomba ruhusa ya mtu.

Haya, salamu kwenu wote. Naandika kutoka Likasi, Katanga, kwa hiyo mkiona Kiswahili kinapinda mahali, msishike hapo. Ninayoyasema niliyaona mwenyewe, na nguo zilizolowa zilikuwa zangu. Najua kuna watu wa famille, yaani ukoo wa bwana yangu, wanaosoma humu jukwaani kimya kimya. Wasome tu.

Sasa nirudi nyuma.

Bwana yangu ana kaka mkubwa, kwetu mkubwa anaitwa yaya, basi yaya Dieudonné, anakaa Lubumbashi, biashara yake ya malori inaenda vizuri. Mwaka huu akasema anataka famille iwe na boti. Si ya kuvua samaki. Ya kutembea tu. Jumamosi tunashuka ziwa Tshangalele upande wa Kapolowe, tunazunguka na injini, tunakula bukari, ugali wetu, na samaki, jioni tunarudi nyumbani.

Nilifurahi, sitadanganya. Nilishaanza kuwaza nitabeba chupa gani ya chai.

Muuzaji alikuwa na saizi mbili.

Ndogo ni ya mita tano. Injini moja nyuma, haili mafuta sana, inavutwa na gari ya kawaida, na wanaume wanne wanaisukuma majini bila shida. Karibu na usukani kuna kibao cha bati: watu saba.

Kubwa inakaribia mita saba. Kingo zake ziko juu, inatulia kwenye mawimbi, kibao kinasema watu kumi na wawili. Lakini inakunywa mafuta, inataka trela ya magurudumu manne, na ni pana. Na boti ingelala kwetu, ambako geti yetu hapa Kikula, mtaa wa Likasi, ni nyembamba. Ingebidi tuvunje nguzo moja.

Mngechagua ipi? Subirini kwanza, mhesabu watu.

Wakubwa: mama mukwe, yaya Dieudonné na mke wake mama Ruth, bwana yangu na mimi, wifi yangu Mamie, na baba mudogo Anaclet. Saba.

Watoto: wangu wawili, wa yaya wawili, wa Mamie mmoja. Watano.

Hata Béni anajua saba na tano ni ngapi.

Shida ni kwamba kwetu hesabu haifanywi na Béni. Inafanywa na baba mudogo Anaclet, mdogo wake marehemu baba mukwe. Ni karani wa zamani na rais wa mutuelle yetu, ule umoja wa famille wa kusaidiana. Kukiwa na harusi au matanga, yeye ndiye anahesabu viti vya kukodi. Na viti vinakodiwa kwa watu wakubwa. Mtoto anapakatwa. Miaka yote hajawahi kuandika mtoto kwenye karatasi ya viti, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu kwenye matanga mtoto akianguka kutoka kwenye mapaja anaangukia udongo.

Basi siku ya kuchagua boti akatoa kalamu, akahesabu vilevile alivyozoea. Saba. Akaangalia picha ya kibao. Saba.

"Imetosha sawasawa," akasema. Watu wakapiga makofi.

Nikauliza, na watoto? Wakacheka. Mamie akasema mimi ningekodi kiti hata kwa mtoto anayekojoa. Baba mudogo akanijibu pole pole, kama anaongea na mgonjwa: "Batoto batapakatwa, mama Béni."

Sikukasirika bado. Nikasema sawa, tuchukue hiyo ndogo, lakini twende kwa zamu. Nusu wanaingia majini, nusu wanabaki kuchoma samaki, halafu tunabadilishana.

Mngeona sura zao. Nani atabaki? Famille haigawanywi. Mama mukwe alidhani namaanisha yeye, akaangalia pembeni. Yaya Dieudonné akasema anataka picha moja, wote ndani ya boti, siku ya kwanza. Boti nzima inanunuliwa kwa ajili ya picha.

Nikasema basi tuchukue kubwa. Hapo bwana yangu mwenyewe ndiye aliyenigeuka. Ile nguzo ya geti aliijenga kwa mikono yake mwaka tuliooana. Akasema haivunjwi.

Nguzo, wakuu. Watoto wangu walikuwa wanashindana na nguzo.

Muuzaji akakubali kuileta ndogo ziwani tuijaribu kabla ya kulipa. Ilikuwa baada ya misa, wote tumevaa vizuri kwa ajili ya ile picha. Upepo ulikuwa umeanza.

Zilitolewa jaketi saba za kuelea. Saba, zote za watu wakubwa. Zikavaliwa na watu wakubwa. Baba mudogo yake haikufunga tumboni, akaiacha wazi.

Nikamuuliza muuzaji kama boti itachukua wote. Akasema watoto wawili ni kama mtu mmoja, hakuna tatizo. Nikamuuliza kama kibao ndivyo kinavyosema. Akaanza kufuta usukani.

Wakaingia mmoja mmoja. Kila aliyeingia, boti ilishuka. Nilibaki wa mwisho na Naomi mgongoni, naangalia ukingo wa nyuma, pale kwenye injini. Nikanyoosha vidole, nikapima kwa macho. Kati ya ukingo na maji vilibaki vidole vinne. Na mimi na bwana yangu hatujapanda bado.

Béni alikuwa ndani, kwenye mapaja ya bibi yake, ananipungia mkono. Hana kitu kifuani zaidi ya shati.

"Mama," nikasema, "jaketi ya Béni iko wapi?"

Mama mukwe akamkumbatia. "Béni iko na minye. Jaketi yake njo minye." Yaani jaketi yake ni yeye mwenyewe.

Na anampenda kweli, hilo ndilo linaniumiza. Si mwanamke mbaya. Huyu mama alilala chini hospitali siku tatu Béni alipougua malaria. Lakini hajui kuogelea, wakuu. Hajawahi kuingia maji yanayopita magoti. Na alikuwa anasema neno lile kwa moyo wote.

Hapo ndipo viatu vyangu vilipoharibika.

Hakuna aliyekwenda majini siku ile. Picha haikupigwa. Bwana yangu alikuwa amesimama ukingoni mwa ziwa, kamba bado mkononi.

Jumapili iliyofuata tukaitwa kikao kwa mama mukwe. Nilidhani tutaongea juu ya boti. Apana. Tuliongea juu yangu. Nimemnyang'anya bibi mjukuu wake mbele ya mgeni. Nimeaibisha wakubwa. Baba mudogo akaamua nilete kuku, nimpe mama mukwe kwa mikono miwili.

Nilileta. Kuku mweupe, mnene. Nilipiga magoti nikampa, na nikamwomba msamaha kwa ile aibu, kwa sababu aibu aliipata kweli. Akampokea.

Halafu nikasimama nikauliza, sasa boti?

Baba mudogo akasema jambo hilo limefungwa, wiki ijayo yaya Dieudonné analipa ile ndogo. Nilipoanza kubisha akainua kidole. "Statuti ya mutuelle inasema malalamiko ya mudomo hayapokelewe. Muntu iko na neno, aandike."

Alidhani amenifunga mdomo. Sijui alisahau kwamba sekondari nilimaliza, au alidhani mke aliyeolewa tu kwenye ukoo huu hawezi kuthubutu.

Niliandika usiku uleule, nakala tatu. Na statuti hiyohiyo, zile kanuni za umoja, inasema barua inapokelewa na katibu, anasaini, siku ileile. Katibu wa mutuelle ni nani? Bwana yangu.

Asubuhi nikaiweka mezani kando ya chai yake. Akasoma. Akasoma tena.

"Unataka minye nisaini malalamiko ya muke yangu?"

"Weye njo katibu."

Akatoka nje na barua. Nikamwona dirishani amesimama kwenye geti, mkono juu ya ile nguzo, muda mrefu. Kisha akaingia akaomba kalamu.

Nilichojifunza: mnapochagua boti ya famille, acheni kwanza bei na nguvu ya injini. Someni kibao, halafu hesabuni vichwa, kila kichwa, hata kile ambacho hakijaota meno. Maji hayajui nani amepakatwa. Kama hamtaki kwenda kwa zamu, chukueni kubwa. Kama hamwezi kubwa, nendeni kwa zamu. Hakuna njia ya tatu.

Wenye boti humu, na nyinyi wakwe zangu mnaosoma kwa kujificha, niambieni nimekosa wapi. Hata mkitukana nitasoma. Barua ni hii, kama nilivyoipeleka:

*Likasi*

*Kwa Bwana Rais wa mutuelle ya famille, kupitia kwa katibu.*

*Jambo: malalamiko juu ya hesabu ya watu wa boti.*

*Baba mudogo, kwa heshima yote,*

*Nalalamika kwamba watu watano wa famille hii hawakuhesabiwa. Naomba waandikwe kwenye daftari kama watu, na boti ichaguliwe upya kwa hesabu hiyo. Naomba kila mmoja apate jaketi ya kimo chake. Mpaka hapo, mimi na watoto wangu hatutapanda, na kuku mwingine sitaleta.*

*Majina ni haya, nimeanza na wadogo kwa sababu ndio waliosahaulika: Naomi, Junior, Ruth, Béni, Exaucé. Halafu Mamie, mama Béni, papa Béni, mama Ruth, yaya Dieudonné, baba mudogo Anaclet, na mama yetu.*

*Mama Béni*

Na chini yake, kwa mwandiko wa bwana yangu:

*Imepokelewa leo. Nimehesabu mwenyewe, ni kumi na wawili. Nguzo itavunjwa. Katibu.*