Upepo wa Bondeni

Kila nikitia mafuta cherehani yangu, ile harufu hunirudisha kijijini kwetu Kanja, miaka ya Hali ya Hatari, baba ameketi mlangoni akisugua kwa mafuta bunduki aliyopewa na serikali. Alikuwa homgadi, mlinzi wa kijiji upande wa serikali dhidi ya wapiganaji wa msituni. Hakupenda, lakini siku hizo nani aliulizwa anapenda nini?

Kwenye mazoezi walilenga debe lililopakwa chokaa ng'ambo ya bonde, mbali hata ukilitazama lilikuwa linacheza juani. Baba hakulipata hata mara moja. Risasi zake ziliua migomba ya watu, wenzake wakamtania kwamba ataleta njaa. Mzungu aliyewaamuru hakucheka. Alisema mtu hakosi hivyo ila makusudi, kwamba baba amekula kiapo cha watu wa msituni, na akikosa tena Ijumaa atapelekwa kizuizini. Mama alipoambiwa hakuweza kula.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, kazi yangu kufukuza ndege kwenye shamba la wimbi kwa kombeo. Upepo wa bonde lile niliujua kuliko homgadi wote, wacha nijisifu. Juu kwetu unaweza kutulia kabisa, na chini mtoni unavuma. Nikamwambia baba, "Usiangalie nyasi za hapa miguuni. Angalia moshi wa kule chini, halafu lenga kidogo upande upepo unakotoka."

"Haya, mama," akasema. Aliniita hivyo kwa kuwa nilibeba jina la mama yake.

Ijumaa alilitoboa debe mara tatu. Akapewa sukari, tukanywa chai tamu siku nne, nami nikatembea kijijini nikijiona mtu.

Mwezi haukuisha. Mjomba wangu, kaka yake mama, alitoka msituni mchana kuchimba viazi vitamu ng'ambo ile ile, njaa imemshinda. Baba aliamriwa apige, Mzungu amesimama nyuma yake. Risasi ilikuwa moja.

Alirudi, akaegemeza bunduki ukutani, akaniambia polepole, "Mama, ulinifundisha vizuri." Sikujua bado aliyepigwa ni nani. Nikatabasamu.

Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba kabla sijamfundisha, baba angeweza kukosa, na watu wangesema ndiyo kawaida yake. Nilielewa pia kwamba alitaka mtu wa kubeba naye mzigo ule, akamchagua mtoto. Kwa hilo nina hasira naye hadi leo.

Mama hakumtengea baba tena maji ya kunawa. Alikufa akimlaumu yeye peke yake, nami nimemshika mkono, nimenyamaza.