Mkono wa Mwanapili Ndani ya Simu ya Twaiba

Haya, mmeng'ang'ana mpaka nimechoka. Kila aingiaye uani kwangu ataka habari ya Mwanapili na ile simu, na kalamu mwanipa mimi ambaye herufi zanipiga chenga. Basi tulieni niiseme mara moja.

Mwanapili wa Gazi amewachora hina maharusi wa hapa, mama kisha binti. Kidole gumba chake cha kulia kilikatwa na chaza kwenye mizizi ya mikoko alipokuwa msichana, kikapona kimepinda. Kwa hiyo kila jani la mkanju, huo mkorosho, alilochora lilikunja ncha kuelekea kifundo cha mkono. Ukimuuliza, atakwambia alikusudia.

Alipoposwa Warda, mjukuu wa dadake, Mwanapili aliponda hina kabla hajaombwa. Hakuombwa. Aliyeitwa ni Twaiba, mwenye saluni Ukunda, ambaye hashiki hina mpaka simu imchoree kwanza. Moyo ukamwasha Mwanapili kama uliotiwa pilipili. Akavaa buibui akaenda uani kwa kina Warda, kulikojaa wanawake, ati kuangalia tu.

Twaiba akamwamkia vizuri, akamtandikia mkeka. Kisha akamweleza Warda kwamba unaiandikia simu unachotaka, mkono wa biharusi wenye maua na majani, halafu kuna mahali pa kuchagua mtindo, na pengine pa kuuzidisha au kuupunguza. Akagusa mtindo wa Kihindi. Mkono ukaja umejaa kama zulia. Akagusa wa Kiarabu. Warda akasema umepwaya. Wa katuni ukawachekesha wote, ila mmoja. Kila Warda akikataa, Mwanapili alimshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Ngoja nikupe mtindo niliouweka mimi," Twaiba akasema. Akaeleza kuwa simu ukiilisha picha za kazi fulani, huushika mtindo wake, ikachora mapya kwa mkono ule ule.

Picha ikatokea. Warda akaishika simu kwa mikono miwili, akasema ni huu, hataki mwingine. Mwanapili akasogea atazame. Yalikuwa majani ya mkanju, na kila ncha imejikunja kuelekea kifundoni.

"Picha za kuilisha ulizitoa wapi?" akauliza.

"Harusini, Bibi. Nilikuwa nikiwapiga maharusi picha za mikono."

"Na hapa umeandika nini?"

Twaiba akamsomea, "Mtindo wa zamani."

"Nani amekufa hapa hata awe wa zamani?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Twaiba akajitetea kuwa mtindo hauna mwenyewe.

"Basi uite Twaiba," Mwanapili akasema, "mbele ya hawa wote niliowachora."

Twaiba akawatazama wale wanawake, nao wakamtazama. Hakuthubutu. Akafuta, akaandika MWANAPILI, na mwenye jina akazifuata herufi moja moja kwa kile kidole kilichopinda mpaka akaridhika.

Mngedhani wivu umekwisha. Ndipo ulipozidi. Sasa alimwonea wivu hata yule Mwanapili wa simuni, asiyeumwa mgongo na anayependwa papo hapo. Akamwachia Twaiba mikono, akatangaza kuwa miguu ni yake, na asiyetaka aende kwao. Akamchora Warda kwa mkono wa kushoto, ambao hakuwahi kuutumia kwa hina, majani mapya yenye ncha zilizotazama vidoleni. Mistari ilitetemeka kidogo, na ilikuwa mizuri. Alipomaliza akaifunika miguu kwa leso, akakaa ubavuni pake hata hina ikakauka, asikubali mtu kufunua.

"Hii ya miguu, simu haijaila," akasema, "wala haitaila."

Lakini siku ya harusi Warda alitoka nje, na simu zilikuwa tele. Basi wewe unayesoma, kama ulikuwapo na una picha ya ile miguu, ifute sasa hivi. Kisha njoo Gazi na simu yako, umwonyeshe Mwanapili kwamba haimo.