Kasisi Aliyeshika Kazi ya Mwizi

Marlys Haapala aliendesha basi la shule mjini Duluth kwa miaka thelathini na mmoja. Kila alipomaliza safari alitembea mpaka nyuma ya basi akiinama kuangalia chini ya kila kiti. Madereva wote huamriwa kufanya hivyo, asije akasahaulika mtoto aliyesinzia. Wengine hutupa jicho tu. Yeye aliinama. Katika miaka yote hiyo aliokota glavu zisizohesabika, chura mmoja aliye hai, na mara moja tu mtoto. Hiyo mara moja ilimtosha.

Nimeanza na basi, nami nilitaka kuanza na meza. Haidhuru, tutafika.

Meza ilikuwa kwa Duane Kowalczyk, mstaafu wa posta, katika chumba cha chini ya nyumba yake, karibu na mashine ya kufulia. Kila Jumapili baada ya ibada tulishuka ngazi, tukavua mabuti, mtu akafunua sinia la viazi na nyama ya kusaga vilivyookwa pamoja, na tukacheza mchezo wetu wa hadithi mpaka jua lilegee. Duane ndiye aliyesimulia: tuko wapi, mbele yetu kuna nini. Sisi wengine kila mmoja alikuwa na mtu wake ndani ya hadithi, na jambo likiwa la mashaka, dadu ndiyo iliyoamua: namba kubwa heri, ndogo shari. Mimi nilikuwa mpiga mishale, wa kubahatisha. Renee Beaulieu, anayesafisha watu meno kliniki, alikuwa mchawi. Marlys alikuwa kasisi wa kike aitwaye Sista Oda, kazi yake kuponya majeraha. Na Orrin Tveit, aliyezunguka makanisani akirekebisha piano, alikuwa mwizi wetu, jina lake Pim.

Mwizi katika mchezo huu si mtu mbaya. Ndiye anayetangulia gizani, ndiye anayefungua makufuli na kutegua mitego. Kwa miaka kumi na moja, kila tulipofika mlangoni Orrin alisema, "Ngojeni kwanza, nakagua," nasi tukangoja huku tukitafuna.

Mwezi wa pili Orrin akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, maneno yakawa yanamtoka moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi zenye barafu.

Jumapili ya kwanza bila yeye tulifika kwenye mlango wa mnara fulani. "Tunaingia," nikasema. "Tunaingia," akasema Renee. Duane akatutazama juu ya miwani kwa muda mrefu, akitupa nafasi. Mezani kwake, lililosemwa limetendeka. Basi sakafu ikafunguka, sisi tukavunjika mbavu, na punda wetu wa mizigo, tuliyekuwa naye tangu mwaka wa kwanza, akafa. Kwamba mitego ipo tulijua vizuri sana. Ila neno la kukagua lilikuwa la Orrin, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kulisema.

Duane akafunga kitabu chake cha sheria za mchezo. "Jamani, bila mwizi mnara huu utawamaliza. Kuna jirani yangu anataka kujiunga, na kucheza mwizi ndiyo raha yake. Orrin mwenyewe kaniambia kiti chake apewe mtu."

"Kakuambia lini?" Marlys akauliza.

"Juzi, nilipokwenda kumwona."

"Mgonjwa husema mengi. Mwache apone kwanza, halafu aseme tena."

"Marlys, mlango ni mlango. Nani atafungua?"

"Mimi."

Renee akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Sista mzima, unakwenda kuiba!"

"Sista atakagua. Wewe utafungua kwa uchawi wako. Huyu mzee wa mishale atatangulia kunyemelea, maana hana kazi nyingine."

"Nina kazi," nikasema.

"Ipi?"

Nikachukua viazi vingine.

Duane akafikiri. "Haya. Mkifika chumba cha juu wote mkiwa hai, kiti cha Orrin kinangoja mwenyewe. Akifa hata mmoja, Jumapili inayofuata namwita jirani."

Ndivyo Sista Oda alivyoanza kazi mpya. Orrin alikuwa akikagua kwa ncha za vidole na kunusa. Marlys alikagua kama alivyokagua basi lake: kuanzia mbele, safu kwa safu, haruki kitu.

"Marlys," Duane akalalamika siku moja, "hiki ni chumba cha mifagio."

"Mifagio mingapi?"

"Sita! Saba! Nitajuaje?"

"Basi naangalia wa kwanza."

Mitego mingine aliiona. Mingine ilimwona yeye, akajiponya, akaendelea. Lakini sala za kasisi huhesabika, na kila sala aliyotumia kutafutia mtego ilikuwa sala moja pungufu ya kutuponya sisi. Jumapili ya tano nikapigwa rungu, na Sista hakubakiwa na kitu. Nikaendelea kupanda na uhai wa kifaranga. Niliona Marlys anavyouma mdomo. Nikifa mimi, kiti kimekwenda.

Na ndipo tukafika kwenye mlango wa mwisho. Kufuli kubwa, na katika chumba cha pembeni limelala jitu. Renee alikuwa na neno la kichawi linalofungua kufuli lolote, ila hufungua kwa kishindo cha kusikika mnara mzima.

"Nikitamka tu, jitu linaamka," Renee akasema, "na mzee wetu huyu tunamzika."

Marlys alifunua kitabu chake polepole. "Duane, kasisi ana sala ya kunyamazisha mahali. Naiweka mlangoni."

"Hakuna aliyewahi kuitumia hiyo."

"Ipo. Nimesoma kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa."

"Sawa, lakini ndani ya kimya mchawi hawezi kutamka."

"Kwani nimesema aingie? Renee asimame kule chini kwenye ngazi, atamke akiwa mbali. Kinachonyamazishwa ni mlango."

Duane alifungua kitabu, akakifunga, akakifungua tena. Kisha akaachama mdomo, mashavu yakamtetemeka, mikono juu, akiigiza kishindo kisicho na sauti. Hivyo ndivyo mlango ulivyofunguka. Mashine ya kufulia ndiyo tuliyoisikia, basi.

Ndani kulikuwa na sanduku moja. "Haya, Sista, kagua," nikamwambia.

Marlys akaweka dadu zake chini. "Hilo si langu."

Sanduku likakaa pale wiki tatu. Jumapili moja ya mwezi wa nne, theluji bado iko barabarani, mimi na Duane tulimshusha Orrin ngazi moja baada ya nyingine mpaka kwenye kiti chake. Alitazama meza. Marlys akasema, "Sanduku lile pale. Hatujaligusa."

Ilimchukua muda. "Ngo... ngojeni kwanza. Nakagua."

Akatupa dadu kwa mkono wa kushoto, ikaruka ikaanguka chini ya mashine. Dadu iliyoanguka sakafuni haihesabiwi, ni desturi ya meza ile. Marlys akapiga magoti, akaitafuta, akairudisha. Ikaanguka tena. Na mara ya tatu.

"Unafanya makusudi wewe," sauti yake ikatoka chini ya meza. "Unapenda kuniona napiga magoti."

Orrin akacheka, upande mmoja wa uso. Mara ya nne dadu ikabaki mezani. Tatu.

"Sindano," Duane akasema kwa upole. "Ina sumu. Imemchoma Pim kidoleni."

Orrin akainua kichwa. "Nimechomwa!" akasema, neno zima, bila kukatika, kama mtu aliyepewa zawadi.

Marlys alikuwa bado na vumbi magotini, na dadu za kuponya tayari kiganjani.

"Tulia hapo hapo, mjinga wewe," akamwambia. "Sista anakuja."